Mguu Haulii Kabla ya Kuvunjika

Ninyi mnaopenda kusema kwamba mambo ya nyumba ya mtu ni ya mwenyewe, sogeeni karibu kuliko wengine, maana nasimulia kwa ajili yenu. Naitwa Marcelline, muuza kasiksi wa mtaa wa Kadutu, juu ya ziwa, na hiyo pombe yetu ya ndizi imenifanya nisikie siri nyingi kuliko padri. Haya yalitokea upande wa pili wa ukuta wangu, mwaka wa 1957, Wabelgiji wakiwa bado wanatutawala.

Nyumba zetu zilijengwa mbili mbili chini ya paa moja. Huku nilikaa mimi, kule Philémon na mkewe Emérence, pamoja na binti yao Sophie, ambaye hata kusema alikuwa bado hajaanza. Emérence alikuwa fundi cherehani. Alasiri, ukungu wa ziwa ulipopanda mpaka milangoni kwetu, nilisikia mguu wake wa kulia ukikanyaga pedali na cherehani ikikimbia, ikipumzika, ikikimbia tena. Kisha Philémon angeingia na mkate, mtoto angecheka, na harufu ya sombe, yale majani ya muhogo, ingepita dirishani kwangu. Nasema kweli, niliwaonea wivu.

Philémon alikuwa mtu mfupi, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Kazi yake ilikuwa kutunza depo, ghala la kahawa la mfanyabiashara mmoja Mreno aliyeitwa Ferreira. Jumapili moja, pale pale kwangu, dereva wa lori alimwinua Philémon kwa ukosi wa shati na kumkalisha juu ya pipa, miguu ikining'inia. Watu walicheka hadi machozi. Philémon alishuka, akaenda zake bila kumaliza kikombe chake, na tangu siku hiyo alitafuta nguvu.

Aliipata kwa bwana wake. Ferreira alikuwa ameishi miaka mingi Brazili, na huko alijifunza jiujitsu, mieleka ambayo mtu hushindwa akiwa amelala chini. Wazungu wenzake walimwona amerukwa na akili, kwa hiyo hakuwa na wa kushikana naye. Jumamosi baada ya kazi alitandika turubai juu ya magunia matupu ya kahawa na kumfundisha Philémon kufunga miguu ya watu: kuukumbatia mguu, kubana wayo kwapani, kunasa kisigino kwenye kiwiko, kisha kukipinda mpaka goti likubali.

"Maman Marcelline," aliniambia siku moja, macho yakimwaka, "mutu mukubwa namna gani, muguu yake iko moja na ya mutoto. Ukikamata kisigino, amekwisha."

"Na akikwisha, unamufanya nini?"

"Anapiga chini na mukono, mara mbili. Pa, pa. Ile njo kusema nimeshindwa. Lazima umuachilie palepale. Mureno anasema sheria iko moja tu, ile."

"Na asipopiga?"

"Mureno anasema mukono inalia mbele ya kuvunjika. Unasikia uchungu, unapiga. Lakini muguu hapana. Muguu inanyamaza. Siku utasikia uchungu, imeshavunjika."



Mwanzoni alifanya mazoezi nyumbani, juu ya mkeka, na Xavier, mdogo wa Emérence, aliyekuwa amekuja kutoka kisiwa cha Idjwi kutafuta kazi. Walicheka, walipigapiga mkeka, wakanywa maji. Xavier aliporudi kisiwani, mkeka ukabaki, na hamu ya Philémon ikabaki. Akamwita mkewe. Emérence naye alicheka siku za kwanza, nikasikia pa, pa, na cheko juu yake. Lakini mzaha mzaha hutumbua usaha. Baada ya muda cheko lilikwisha, na kati ya lile pigo na kuachiliwa kukawa na kimya. Kimya hicho kilirefuka wiki hadi wiki. Chakula kikichelewa, mkeka. Shati halikupigwa pasi, mkeka.

Niliingia kwao bila kubisha hodi, maana umri wangu unaniruhusu. "Philémon, wacha muguu ya bibi yako. Ile muguu njo inakulisha."

"Maman, hii iko sport tu," alisema akitabasamu. "Hata yeye mwenyewe anajua. Akipiga, ninaachilia."

"Unaachilia saa gani? Ukipenda?"

Pale sakafuni, kando ya cherehani, Sophie alikuwa amekaa akimtazama baba yake. Philémon aliinama amnyanyue. Mtoto hakulia. Aliweka kiganja chake kidogo kwenye sakafu, akapiga mara mbili, kisha akatulia akingoja.

Philémon alicheka. Mimi sikucheka, na Emérence alikwenda kusimama uani.

Tangu hapo mambo yalibadilika sura. Philémon alianza kusikia lile pigo mahali ambapo hapakuwa na mtu. Alilisikia kwenye depo, nyuma ya magunia, pa, pa. Alizunguka na taa, akakuta ukuta. Alilisikia kwenye njia ya kushukia ziwani, ukungu ukiwa mzito hata haoni viatu vyake, na lilitoka chini, kwenye udongo, karibu na nyayo zake. Kanisani, wakati wa kupiga magoti, aligeuka ghafla mpaka watu wa benchi ya nyuma wakanong'ona. Alinyunyiza maji ya baraka pembe zote za nyumba. Kisha, kwa kuwa mtu mwenye hofu hachagui mlango, alinunua kasiksi kwangu na kuimwaga uani kwa ajili ya marehemu baba yake. Pigo halikukoma.

Alasiri moja alikuja kwangu. Emérence alikuwa amempeleka mtoto sokoni, mlango wao alikuwa ameufunga Philémon mwenyewe kwa ufunguo, na ufunguo ulikuwa mkononi mwake.

"Keti, Maman. Nyamaza. Sikiliza."

Tuliketi. Inzi alizunguka kwenye mdomo wa kikombe. Hata kuku walikuwa wamenyamaza. Kisha ukutani, kutoka ndani ya ile nyumba isiyo na mtu, nikasikia kwa masikio yangu haya: pa, pa. Pole pole, kwa adabu, kama mtu anayeomba na hataki kusumbua.

Msiniulize ni nini. Kama kuna mjuzi wa mambo hayo, aje anieleze, nitampa kikombe bure. Mimi nilipiga ishara ya msalaba, halafu nikamtazama jirani yangu.

"Philémon, mutu anapiga vile juu ya nini?"

"Juu waache kumukaza."

"Basi mubaya hayuko kule kwa ukuta. Kule kunaombwa tu. Jiulize, wewe unamushikilia nani?"

Nilidhani neno hilo litamwamsha. Aliinuka na uso umekunjamana, akaniambia kwamba sisi wanawake tumeshapanga, kwamba Emérence ndiye anayemroga kwa pigo hilo ili amtie wazimu. Akaondoka na ufunguo wake.

Jioni Emérence alikuja kuomba chumvi. Alikuwa anachechemea. Nilimwambia achukue mtoto aende kwa watu wao.

"Nitaenda, Maman. Nimalize tu nguo za watu za komunyo," alisema. "Lakini sitapiga tena. Nikipiga, anafurahi. Anangojea ile tu. Sitamupatia tena."

Nilimsihi apige, apige haraka, aokoe goti. Alitikisa kichwa. Jamani, heshima ya mtu ni kitu kigumu. Ukimwondolea yote, anakumbatia kile kilichobaki. Tulikubaliana kwamba siku inayofuata nitamsindikiza mwenyewe bandarini, nguo ziishe zisiishe.

Siku hiyo iliyofuata mvua ilianza mchana. Nilikuwa nafunga kanga nikamchukue, nikasikia cherehani ikikatika katikati ya mshono. Kisha sauti ya Philémon, ile iliyokuwa ya chini, sasa imepanda juu ya mvua: "Nani anapiga? Sema! Iko wewe? Sema!" Nikakimbia nje. Mlango wao ulikuwa umefungwa kwa ndani. Niliupiga kwa ngumi zote mbili, nikaita majirani, nikaita jina la Mungu. Ndani hakukuwa na kilio. Hakukuwa na pigo. Kisha ukaja mlio mdogo, mkavu, mlio wa kijiti kinachovunjwa ili kuwasha moto.

Na baada ya mlio huo, kwenye sakafu: pa, pa. Pa, pa. Pa, pa. Alikuwa Sophie, akimpigia mama yake.

Philémon alifungua mlango mwenyewe. Mikono yake ilikuwa imening'inia. Alinitazama kama mtu anayetaka shahidi.

"Hakupiga, Maman. Nilingojea. Hakupiga."

Mnasikia neno hilo? Mtu aliyejua vizuri kuliko sisi sote kwamba mguu haulii kabla ya kuvunjika, alikaa akingoja mguu ulie.

Hospitali walifanya walichoweza, lakini goti la Emérence halikukunjika tena sawasawa, na pedali haikukanyagika tena. Xavier alikuja na wajomba zake kwa mtumbwi, wakamchukua pamoja na mtoto. Baraza la mtaa lilimhukumu Philémon kifungo. Kabla hawajampeleka, alimwomba Ferreira amtetee. Mreno yule alikuja, mzee wa watu, akasimama mlangoni mwa baraza na kofia mkononi.

"Mimi nilikufundisha kuachilia mbele ya kukufundisha kukaza," alisema. "Wewe ulijifunza nusu."

Jumamosi hiyo alilichoma turubai nyuma ya depo, na sikusikia tena kwamba alimfundisha mtu.

Wazee husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Katika nyumba hii asiyesikia alivunja la mwenzake, ndiyo maana hasira yangu haijaisha mpaka leo.

Philémon alipotoka gerezani alirudi kwenye nyumba ile. Hakukuwa na cherehani, hakukuwa na mtoto, na lile pigo lilikuwa limekoma kabisa. Alimshukuru Mungu mbele yangu kwa sababu hiyo. Lakini nyumba ilikuwa imenyamaza kupita kiasi. Hata mvua juu ya bati lake niliisikia kidogo kuliko juu ya bati langu, nalo paa ni moja.

Haukupita muda, mchana mmoja nikasikia tena ukutani: pa, pa. Nilikwenda na majirani wawili. Tulimkuta Philémon amelala chali mkekani, mguu wa kulia umenyooka, uso umejaa jasho, akipiga sakafu kwa kiganja.

"Maman, waambie waachilie."

"Nani anakukamata, Philémon?"

"Sioni mutu," alisema, na machozi yakamtiririka masikioni. "Napiga, napiga. Hawaachilii."

Tulimwinua. Mguu ulikuwa mzima, hauna hata mkwaruzo, ila haukukunjika. Ndugu zake walikuja kumchukua wakampeleka mbali, mji wa Kamituga. Wanasema huko anakaa mlangoni mchana kutwa, na mkono wake hautulii.

Mwaka uliofuata nilikwenda Idjwi kumwona Emérence. Xavier alikuwa ameibadilisha cherehani, ameitia mpini wa kuzungusha kwa mkono, na nguo alizoshona Emérence zilikuwa nzuri kama zamani. Alinicheka kwa kunenepa. Sophie sasa alisema maneno mengi, aliniimbia hata wimbo. Nilifurahi sana, nikajisemea kwamba watoto husahau.

Kisha Xavier akaingia uani na mzigo wa kuni, mjomba mwema anayempenda. Wimbo ukakatika. Mtoto alichuchumaa, akaweka kiganja chake kwenye udongo, akapiga mara mbili, akangoja. Xavier alitupa kuni zote palepale, akarudi nyuma hatua nyingi, akainua mikono yake miwili juu ili mtoto aione. Emérence aliniambia kwamba Xavier hufanya hivyo kila siku. Sophie alimtazama kwa muda mrefu, ndipo akaendelea kuimba.

MAFUNZO

Nguvu si dhambi. Mtu mfupi ana haki ya kujifunza asidhulumiwe na madereva wa lori. Lakini nguvu uliyoitafuta kwa ajili ya adui usiilete mezani kwako, maana nyumbani hakuna adui, na mikono ikikosa adui humtengeneza.

Waume, msipime maumivu ya mtu kwa kelele zake. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Mkeo akilia, kuna tumaini. Akiacha kulia, shikeni vichwa vyenu, kwa kuwa jambo limekaribia kuvunjika au limeshavunjika. Msingoje apige ndipo muachilie.

Nanyi majirani mnaosema mambo ya nyumba ya mtu ni ya mwenyewe: ukuta ni wa matofali tu. Ukisikia mtu anaomba upande wa pili, leo hii, usisubiri kesho umsindikize bandarini. Inuka na mvua hiyo hiyo uende ukaufungue ule mlango.