Kilima Kinachoitwa Sijui

— Nakuuliza mara ya mwisho. Utakubali nikuoe tuhamie huko, au hutaki?

— Sijui.

— Hujui! Mapenzi yote haya, mtu mzima na akili zako, hujui?

— Sijui, Fundi. Nimeshakujibu.

Fundi umeme akakata simu. Moyo ulimuuma haswa. Alikuwa amepata kazi ya kudumu katika mji mkubwa wa mbali, mshahara wa maana na nyumba juu yake. Kilichobaki ni mke tu, na mke aliyemtaka ni mtunza ramani wa maktaba, ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Ramani. Sasa mtu unampa moyo wako, anakujibu sijui! Si bora angekutukana ukajua moja?

Ujumbe ukaingia: "Kabla hujaondoka kesho, njoo unitengenezee kinasa sauti cha maktaba. Nakuomba."

Akasonya. Kisha akabeba bisibisi zake, akaenda. Mapenzi hayana haya, jamani.

Chumba cha ramani hakuwahi kukiingia. Siku zote alimsubiri getini na kukiita "stoo ya panya". Leo alikuta meza ndefu, na juu yake ramani ya zamani ya eneo lao, kubwa kama shuka.

— Kinasa sauti ndicho hiki, alisema Bi Ramani bila kumtazama. — Na kanda ni hii. Ina sauti ya bibi yangu mzaa mama. Walimrekodi nikiwa mdogo, sijawahi kuisikiliza. Wewe ukienda, nani atanitengenezea?

Fundi akafungua mashine. Mpira wa kuzungushia kanda ulikuwa umelegea. Akiubadilisha, jicho likamponyoka kuelekea kwenye ramani.

— Mtaa wetu uko wapi hapa?

— Umeuwekea kiwiko.

Akainua kiwiko. Chini yake palikuwa na rangi ya buluu.

— Mbona ni maji?

— Lilikuwa bwawa la viboko.

— We! Kumbe nimelala kitandani kwa kiboko miaka yote!

Bi Ramani akacheka, kidogo tu. Fundi akasahau bisibisi. Akaufuata mto kwa kidole, akapita msitu ambao kila mti mkubwa ulikuwa umeandikiwa jina, akapita njia ya wabeba chumvi. Soko analonunulia nyaya lilikuwa kijiji chenye kisima. Alihisi mwili unamsisimka. Kwao kote huku, na hakuwahi kukujua!

Kidole kikafika kwenye kilima, kile kile kilichoonekana dirishani. Kimeandikwa: Sijui.

— Hivi ni kweli mpima ardhi aliuliza jina, akajibiwa sijui, akaandika?

— Kweli.

— Mjinga gani huyo asiyejua kilima cha kwao?

— Baba yake bibi yangu. Ukoo wetu tunachekwa mpaka leo.

Fundi akaona haya, akamalizia mpira, akapachika kanda. Akabonyeza kitufe haraka haraka.

Kwanza walilia ndege. Kisha mtu akakohoa, na Bi Ramani akajishika kifua.

— Bibi! Ni bibi huyo!

"Baba yangu hakuwa mjinga," ilisema sauti. "Chemchemi zetu zinatoka kwenye kilima kile, wazee wetu wamelala pale. Yule mgeni alikuja kalamu iko mkononi. Hakusalimia, hakuketi. Baba akaona, nikimpa jina nimempa na kilima. Akamwambia sijui. Kitu ukikipenda sana, humtajii mtu ambaye hajakaa nacho. Jina lake, wajukuu zangu, ni hili..."

Sauti ikalitaja. Wote wawili wakageukia dirishani. Kilima kilikuwa pale pale, lakini Fundi aliona kama ndiyo kwanza kinasimama. Machozi yakamtoka naye hakuyafuta.

— Na mimi nilikuja na kalamu mkononi, alisema polepole. — Kazi huko, nyumba huko, wewe uache stoo ya panya.

— Hukusalimia, Fundi. Hukuketi.

Simu ikaita. Ni bosi mpya.

— Fundi, kesho tunakutegemea, sivyo?

Fundi akamtazama Bi Ramani, akatazama ramani.

— Nisamehe, mkuu. Siji. Mtafute mwingine.

— Umerogwa wewe? Nafasi hii hairudi!

— Najua, mkuu.

Akaweka simu chini. Akavuta kiti, akaketi.

— Shikamoo ya bibi nimechelewa kuitoa. Ila safari hii sijaja na kalamu. Nifundishe kwetu. Halafu siku utakayotaka, nitauliza tena.

— Uliza sasa hivi, kabla sijalia.

— Utanikubali?

Bi Ramani akainama, akamnong'oneza jina la kilima sikioni, sasa kwa kinywa chake mwenyewe.

Harusi ilifungwa chini ya kilima hicho hicho, na shangazi zake Fundi wakamkaba bwana harusi awaambie jina. Akacheka tu. Hata mimi msinihangaishe. Mkiniuliza, sijui.