Siku Saba Bila Moshi

Mwantum alianza kuogopa siku ile mdogo wake, Rehani, alipokataa kunywa maji ya mtungini. Aliufunika mtungi kwa kawa, akaufunga kamba, akanong'ona, "Dada, humu ndani kuna mtu anapumua."

Kilikuwa kiangazi cha mwaka ule Wajerumani walipofikisha reli Dodoma. Rehani alipasua mawe ya njia ya reli pamoja na rafiki yake Yotham, Mgogo wa Ihumwa, na wote wawili walivuta bangi ili wasisikie maumivu ya mgongo. Mwantum alilijua hilo. Asilolijua ni kama moshi unaweza kuleta haya: Rehani kucheka peke yake, Rehani kugeuka ghafla kama aliyeitwa, na nyumba nzima, jua la mchana likiwaka, kunuka udongo uliolowa mvua.

Juma lile lile Yotham naye akakimbia kazini akipiga kelele kwamba mataruma, yale magogo ya kulalia reli, yanatambaa. Mnyapara akaleta habari: mvuta bangi atachapwa viboko kumi na vitano, arudi kazini, na mwenye kichaa atafungwa mnyororo apelekwe pwani. Aliwapa siku nane ijulikane ni lipi.

Mwantum akaenda kwa Bi Adija, mganga wa majini pale mjini.

"Shikamoo, mama. Njoo umtoe jini mdogo wangu. Yeye na rafiki yake huvuta bangi, na sasa wote wawili wanaona mambo."

"Marahaba, mwanangu. Una hakika ni jini? Bangi nayo ina sauti zake. Nikimpigia ngoma mtu aliyelewa moshi, nitakuwa nafukuza upepo. Niletee wote wawili. Wakae siku saba bila kuvuta. Kama ni bangi, itawatoka na jasho. Kama ni jini, atabaki."

Siku mbili za kwanza kwa Bi Adija walitetemeka, hawakulala, walizungumza na kuta. Siku ya tatu Yotham alilala mchana kutwa, akaamka akiomba uji.

"Mama, hivi kweli mimi nilisema mataruma yanatambaa?" akauliza. Aliona haya, akalia. Siku ya tano alikuwa akichota maji huku akipiga mluzi.

Rehani naye akatulia. Akaoga, akala ugali wa uwele, akamtania dada yake, na Mwantum akakimbilia uani kulia kwa furaha. Siku ya saba, adhuhuri, walikuwa wamekaa barazani wakati Rehani alipoanza kutazama nyuma ya bega la dada yake, akatazama kwa muda mrefu, macho maangavu, mikono imetulia, pumzi haina hata chembe ya moshi, kisha akasema kwa adabu kabisa, kama mtu aombaye chumvi, "Dada, mwambie huyo aliyekuegemea ainue kichwa, ananiziba nisikuone," na papo hapo ile harufu ya udongo mbichi ikaja, ikapanda kwenye nguo za Mwantum, ikamkaa shingoni, ikawa baridi, na yeye, japo jua lilikuwa linamchoma miguu, hakuthubutu kugeuka.

Bi Adija alikuwa akichoma ubani. Akasogea, akauliza kwa sauti ya chini, "Yupo tangu lini, baba?"

"Tangu tulipomzika mama. Nikivuta, anasinzia kidogo. Ndiyo maana nikawa navuta."

Bi Adija akauzima ubani, akamvuta Mwantum pembeni.

"Yotham alikuwa na moshi tu. Huyu wako, mgeni wake alikuwemo kabla ya moshi, na amekwisha kuzoea kukaa. Nitajaribu mwaka, nitajaribu miaka. Sikuahidi kitu."

"Mnyapara anakuja kesho, mama."

"Najua, mwanangu."

Mnyapara alikuja asubuhi na watu wake. "Haya, bangi au kichaa?"

"Bangi, bwana," Mwantum akajibu. "Wote wawili. Imewatoka."

Alilazwa Yotham kwanza, akalia kama anavyolia mtu yeyote. Kisha akalazwa Rehani. Mwantum alijifunika uso kwa kanga, lakini masikio yakabaki wazi. Kiboko kikashuka, sauti ya mdogo wake ikalia, na chini yake, nzito, ya taratibu, ikalia sauti nyingine. Waliosimama karibu wakarudi nyuma. Mnyapara akashusha mkono, akamgeukia Mwantum.

"Ni bangi, bwana," Mwantum akasema, machozi yakimlowesha kidevu. "Ni bangi tu. Endelea."