Pamba Upande Mmoja

Cherehani ililia tangu asubuhi. Kila Fundi alipovuta kitambaa, titi la kushoto lilimuuma mpaka kwapani.

"Kifua hicho, wifi, kinaniua kwa wivu," alisema wifi yake, akipiga pasi kola. "Nipeleke na mimi kwa aliyekutengenezea."

"Ngoja kwanza," alijibu Fundi.

Fundi alikuwa amewekewa vifuko vya silikoni matitini baada ya mumewe kumwambia kwamba gauni anazoshona zinawapendeza wateja kuliko zinavyompendeza yeye mwenyewe. Sasa titi moja lilikuwa gumu, limepanda juu. Lakini fundi hakosi ujanja. Alishonea pamba ndani ya gauni zake, upande mmoja tu, kifua kikaonekana sawa. Aibu ilifichika, maumivu yakabaki.

Siku hiyo muuguzi wa zahanati alikuja kujaribu sare. Fundi aliinua mkono kumpima bega, akakunja uso. Muuguzi alimvuta pembeni, akamwuliza, naye akaeleza yote.

"Walioniwekea waliniambia ni vya maisha," alisema Fundi.

"Walikudanganya, dada. Vinatakiwa kuchunguzwa, na wengi huja kuvitoa au kuvibadilisha. Mwili hujenga utando kuvizunguka, ukikaza, titi linakuwa gumu. Vinaweza kupasuka usijue. Na wachache sana hupata saratani inayoanzia kwenye utando huo. Ukiona ugumu, uvimbe, maumivu au umbo kubadilika, nenda kwa daktari. Wewe unashonea pamba! Mficha uchi hazai."

Fundi alikwenda. Kipimo cha picha kilionyesha kifuko kimoja kimepasuka. Vilitolewa vyote viwili, utando ukapimwa, saratani haikuonekana. Maumivu yaliisha na mkono ukarudi kazini. Mumewe aliyatazama makovu mara moja, akageuka ukutani. Hilo lilimchoma kuliko kisu cha daktari.

"Kwa hiyo hunipeleki tena?" wifi yake aliuliza.

Fundi alifungua vifungo. Wifi aliona kifua kilichosinyaa, akaweka pasi chini.

"Nitakupeleka," alisema Fundi. "Kwa daktari bingwa anayetambulika. Umwulize vitadumu muda gani, vina hatari gani, na nani atakuangalia baadaye. Lakini kwanza jiulize unavitaka kwa ajili ya nani. Mimi nilivitaka kwa ajili ya kaka yako."

Akachukua wembe, akaanza kufumua pamba kwenye gauni zake.