Nyota Tano za Chiriku

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare za shule, Chiriku alikuwa na kazi moja ambayo hakumwachia mtu mwingine. Alikaa kando ya kitanda cha bibi yake, akamfunga mkanda wa mashine ya kupimia presha juu ya kiwiko, kisha akabonyeza kitufe. Mashine ilinguruma, mkanda ukavimba, ukanywea taratibu, na namba zikatokea kwenye kioo. Chiriku aliziandika kwenye daftari kwa kalamu nyekundu, kwa sababu aliamini kwamba wauguzi wa kweli huandika kwa kalamu nyekundu.

Jina lake halisi lilitumika shuleni tu, mwalimu alipoita mahudhurio. Nyumbani na mtaani alikuwa Chiriku, maana tangu ajue kusema hakuwahi kunyamaza. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Aliishi na mama yake, fundi cherehani aliyeshonea sebuleni, pamoja na bibi yake mzaa mama, ambaye presha ilikuwa imemwandama kwa miaka saba.

Zamani Bibi alipimwa zahanati kila wiki. Zahanati ilikuwa juu ya mlima mfupi lakini mkali, na magoti yake yalianza kuugomea mlima huo. Ndipo Chiriku alipoiona mashine kwenye simu ya mama yake, katika soko moja la mtandaoni. Kwenye picha ilifanana kabisa na ile ya muuguzi, na bei yake haikufika hata nusu. Alimganda mama yake kwa siku tatu, mpaka mama akasema heri ainunue apate kushona kwa amani.

Ndani ya boksi mlikuwa na kadi ndogo. Ilisema kwamba mteja atakayeweka nyota tano na kuandika maoni mazuri atatumiwa vocha ya simu. Mama hakuiona. Chiriku aliichomoa, akachukua simu, na kabla hata betri hazijawekwa kwenye mashine akaandika: “Bibi yangu ana presha na anaitumia kila siku. Inapima sawasawa na ile ya zahanati. Nunueni bila wasiwasi.” Vocha ilifika kabla jua halijazama. Hakuona kwamba amesema uongo. Aliona ni ukweli uliotangulia kidogo tu.

Kwa wiki mbili mashine ilileta habari njema. Namba zilikuwa nzuri siku zote, na Bibi alitembea mtaani kama aliyerudishiwa ujana. Alimsimulia kila aliyesimama kumsikiliza, hasa fundi saa mwenye kibanda pale kwenye kona, ambaye naye alikuwa na presha. Fundi saa aliomba aonyeshwe ukurasa wa muuzaji, akasoma maoni, akaagiza ya kwake. Kisha Bibi akaanza kumeza dawa siku moja na kuruka siku moja. Mama alipompinga, Bibi alimfungulia daftari lenye namba nyekundu, na mama akarudi kwenye cherehani yake.

Jumatatu ya wiki ya tatu, Bibi aliamka kichwa kikimgonga kisogoni. Aliposimama, aliushika mlango kwa mikono miwili na kusema anaona ukungu. Chiriku alimkalisha haraka akampima. Mashine ilionyesha mia na kumi na nane kwa sabini na sita.

“Mbona ni nzuri?” Bibi aliuliza, lakini sauti yake ilikuwa nzito, kama ya mtu aliyetolewa usingizini.

Chiriku alianza kurudisha kurasa za daftari. Namba hiyo ilikuwepo jana. Ilikuwepo na Ijumaa. Katika siku zote zile kulikuwa na namba tatu tu zilizopokezana zamu. Aliufungua mkanda kwenye mkono wa Bibi, akaufunga kwenye mto wa kitandani, akabonyeza kitufe. Mashine ilinguruma, ikafikiri kidogo, kisha ikasema kwamba mto una presha ya mia na ishirini na moja kwa sabini na tisa.

Alikimbilia sebuleni. Alimweleza mama habari za mto na za Bibi kushika mlango, maneno yakigongana mdomoni. Lakini alipofika kwenye habari ya kadi na nyota tano, ulimi ambao haukuwahi kumkwama ulikwama. Alijiambia kwamba hilo linaweza kusubiri.

Mama alitupa mkasi mezani na kuita teksi. Zahanati, muuguzi alimpima Bibi mara mbili, mkono wa kulia na wa kushoto, uso wake ukizidi kukaza. Ilikuwa mia na tisini na nne kwa mia na kumi na mbili. Alimpa dawa papo hapo, akamlaza, akakataza mtu yeyote asimsemeshe. Halafu aliichukua ile mashine akaifunga kwenye chupa ya maji iliyokuwa mezani. Chupa nayo ilikuwa na presha nzuri.

“Hiki si kipimo,” aliwaambia kwa sauti ya chini. “Mngechelewa mpaka jioni, pengine tungekuwa tunazungumza mambo mengine.”

Walikaa kwenye benchi la korido kwa saa nne. Mama alimwambia Chiriku kwamba yeye ndiye aliyemwokoa bibi yake kwa kuwa na akili ya kupima mto. Sifa ile ilimchoma. Alitazama vigae vya sakafu mpaka akajua ni kipi chenye ufa.

Bibi aliruhusiwa alasiri, presha ikiwa imeshuka, na maagizo makali kwamba asiruke dawa hata siku moja. Walipofika nyumbani, mama alikaa kwenye kiti cha cherehani na kumwandikia muuzaji. Mwanzoni muuzaji alijibu kwa upole uliopita kiasi. Alimwita mama mteja mpendwa, akasema betri huenda zimeisha. Mama alipomweleza habari ya chupa, alisema huenda Bibi hakukaa vizuri. Mama alipomtumia picha ya karatasi ya zahanati, alikuja na neno jingine. Alikuwa tayari kurudisha pesa yote siku hiyo hiyo, kabla ya saa kumi na mbili jioni, kwa sharti moja: wasiandike lolote baya dukani kwake.

Mama aliandika kwamba hataki kununuliwa. Jibu lilikuja haraka, na safari hii mama alilisoma kwa sauti.

“‘Usinitishe. Wewe mwenyewe uliandika kwamba inapima sawasawa na ya zahanati. Maneno yako yapo, kila mtu anayaona. Sasa mwongo ni nani kati yetu?’”

Mama alishusha simu. Hakukasirika mara moja. Alikunja uso kama anayetafuta kitu alichokiweka mahali.

“Mimi sikuandika kitu,” alisema.

Bibi, aliyekuwa amelala kwenye kochi, alifumbua macho. Chiriku angeweza kusema kwamba muuzaji anasingizia. Mama angemwamini, maana mtu aliyeuza mashine ile angeweza kusema lolote. Wazo hilo lilimjia likakaa kwa muda. Kisha alimwona Bibi amejishika kisogo.

“Ni mimi, Mama,” alisema. “Niliandika siku ile ile ilipofika. Hata hatukuwa tumeiwasha. Walitoa vocha.”

Aliposema neno vocha alianza kulia. Mama alimwacha alie. Hakumfokea, na hilo lilikuwa gumu zaidi kuliko kufokewa. Alipoona amepoa kidogo, alimkabidhi simu na kumwambia afungue maneno yake, asome na yaliyoandikwa chini yake.

Chiriku hakuwa amewahi kurudi kuyatazama. Chini yake kulikuwa na watu kumi na mmoja. Wengine waliweka alama ya kushukuru tu. Mwanamke mmoja alikuwa ameuliza kama ni kweli, kwa sababu anataka kumnunulia mume wake ambaye ameshawahi kuanguka kazini. Muuzaji alimjibu: “Soma maneno ya huyu mteja wetu.” Siku iliyofuata mwanamke yule aliandika kwamba ameagiza.

“Na fundi saa,” Chiriku alisema ghafla. “Mama, fundi saa anayo.”

Waliondoka wote wawili, wakimwacha Bibi na jirani. Fundi saa alikuwa ameinamia saa ya mkononi, kioo cha kukuzia kikiwa kimebanwa jichoni. Chiriku alimwamkia, kisha akamwambia yote bila kuficha kitu, pamoja na vocha. Fundi saa aliondoa kioo jichoni. Alikiri kwamba wiki nzima hajameza dawa hata kidonge kimoja, kwa kuwa namba zilikuwa zinapendeza.

Alivuta mashine yake kutoka chini ya meza, akachagua bisibisi nyembamba kama sindano, akafungua skrubu nne. Ndani kulikuwa na pampu ndogo, betri, na kibao chenye kioo cha namba. Mrija wa hewa uliotoka kwenye mkanda ulifika kwenye pampu basi, haukuunganishwa na kitu chochote cha kupimia.

“Nimefungua vitu vingi vibovu,” alisema. “Hiki si kibovu. Kimetengenezwa hivi hivi kwa makusudi.” Aliwaruhusu wapige picha, kisha akafunga kibanda chake mapema na kushika njia ya zahanati.

Waliporudi nyumbani ilikuwa saa kumi na moja na nusu. Mama alimweleza Chiriku mambo yalivyo. Wakinyamaza, pesa itarudi leo. Wakisema, huenda isirudi kabisa, na ile pesa ilitokana na sare arobaini alizoshona. “Maneno ni yako,” mama alisema. “Wewe ndiye utakayeamua uyafanye nini. Mimi nitakaa hapa.”

Chiriku hakuhitaji dakika nyingi. Aliyafuta maneno ya zamani na kuandika mapya mahali pale pale, taratibu, akisahihisha kila kosa: “Nilidanganya. Niliandika kabla ya kuitumia, ili nipate vocha. Mashine hii haipimi. Imeupima mto, imeipima chupa. Bibi yangu aliacha dawa kwa sababu yake, akaugua. Kama unayo, usiiamini. Nenda zahanati leo.” Aliweka nyota moja, kwa kuwa soko halikuruhusu kuweka sifuri. Kisha wakatuma malalamiko kwa wenye soko, pamoja na karatasi ya muuguzi, picha za fundi saa na kurasa za daftari.

Haikupita robo saa simu ikaita. Muuzaji alikuwa na sauti ya kijana, tamu kama ya mtangazaji. Utamu uliisha upesi. Alisema anayo anwani yao, alisema atawashtaki kwa kumharibia biashara. Mama alikuwa anatafuta jibu wakati Bibi aliponyoosha mkono kutoka kwenye kochi na kuiomba simu.

“Mwanangu,” Bibi alisema, “mimi ndiye mgonjwa mwenyewe. Mama yako yu hai?”

Sauti ya kijana ikasema, kwa shida, kwamba yu hai.

“Basi usije ukampelekea mashine hii.”

Simu ilikatwa. Hakupiga tena.

Siku tisa zilipita bila jibu la wenye soko. Chiriku alikagua simu asubuhi na jioni, na kila alipokuta hamna kitu aliufungua ukurasa wa muuzaji kuona kama bado upo. Siku ya kumi ukurasa wa muuzaji uliondolewa, na wote waliolalamika wakarudishiwa pesa. Mwanamke aliyeuliza habari za mume wake aliandika mistari miwili: alimpeleka zahanati siku ile ile aliposoma, na ameanzishiwa dawa. Hakusema asante, wala hakutukana. Wengine watatu waliandika kwamba wameacha kuitumia. Watu saba kati ya wale kumi na mmoja hawakujibu kamwe, na Chiriku hakujua kama walisoma.

Aliliuliza hilo jioni moja, mama yake akikata kitambaa na Bibi akishona vifungo.

“Na wale saba, Mama?”

Mama alimaliza kukata mstari aliokuwa ameuanza, kisha akaweka mkasi chini.

“Wale saba hatuwajui, na hiyo ndiyo adhabu yako,” alisema. “Yule muuzaji alikuwa na mashine isiyopima. Peke yake asingemuuzia mtu. Alichokosa ni mtu wa kuaminika wa kuisemea, na wewe ulimpa hicho kwa bei ya vocha. Ukimwambia mtu kwamba kitu ni kizuri, umemshika mkono unampeleka. Hakikisha umefika huko wewe kwanza. Na ukigundua umempoteza, rudi ukamwambie, hata kama ni aibu. Wewe ulirudi. Wanne wamepona kwa sababu hiyo, na bibi yako ni wa tano.”

Chiriku hakujibu. Bibi alimtazama, akamwambia mama kwamba haya sasa ni maajabu, mtoto amenyamaza dakika nzima, labda naye apelekwe zahanati. Mama akacheka, na Chiriku, aliyekuwa bado na machozi machoni, akacheka pamoja nao.