Komesha na Bustani ya Paani

Asubuhi hiyo soko lilikuwa limefurika kiasi kwamba hata mwenye haraka alilazimika kutembea kwa adabu. Komesha alikuwa ametoka kupuliza dawa katika ghala la nafaka nyuma ya soko. Ovaroli yake ya buluu ilikuwa imelowa jasho, buti za mpira zilimfika magotini, barakoa ilining'inia shingoni, na bomba la dawa alilibeba mgongoni kama mama abebavyo mwanawe. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa limebaki kwa shangazi yake tu. Wengine wote walimwita Komesha, kwa kuwa mende aliyepuliziwa na yeye hakupata hata muda wa kuacha wosia.

Ndipo akamwona yule mwanaume. Shati jeupe lililopigwa pasi likanyooka, suruali nyeusi, viatu vya kujitazamia, halafu ameinama kwenye rundo la taka anaokota majani ya kabichi yaliyooza! Anachagua moja moja, ananusa, anatia ndooni. Komesha akaingiwa na huruma. Mjini watu huficha shida zao ndani ya shati safi.

"Kaka," alimwita kwa sauti ya chini asimwaibishe, "acha hayo. Njoo nikununulie kabichi nzima."

Mwanaume aliinua uso, akamtazama kuanzia buti hadi kitambaa cha manjano alichojifunga kichwani. "Ahsante sana, dada. Ila familia yangu haitaki kabichi nzima. Inapenda iliyooza."

"Mungu wangu! Una watoto wangapi unaowalisha uozo?"

"Sijawahesabu. Kama elfu sita hivi."

Komesha alirudi nyuma hatua moja. Mwanaume akacheka hadi ndoo ikamponyoka.

"Nyungunyungu, dada. Ile minyoo ya udongo. Nawafuga."

"Mimi kutwa naua wadudu, wewe kutwa unawatafutia chakula," alisema Komesha. "Aliyetukutanisha ana mzaha."

"Au ana kazi na sisi."

Akajieleza: yeye ni fundi wa lifti katika jengo la ghorofa kumi, na kwa kuwa ufunguo wa paa anao yeye, huko juu amepanda bustani. Komesha akatoa simu. "Nipe namba yako. Hao elfu sita wakikushinda, uniite."

Hawakumshinda, lakini alimwita. Alipiga siku hiyohiyo, akapiga na kesho yake, na wiki haikuisha kabla sauti yake haijawa sehemu ya chakula cha mchana cha Komesha.

"Umekula nini leo, Komesha?"

"Chipsi na soda."

"Na jana?"

"Soda na chipsi."

"Afadhali. Angalau unabadilisha."

Jumapili Komesha alivaa gauni la maua makubwa na hereni za kufika mabegani, akapanda lifti hadi mwisho. Fundi alimfungulia mlango wa chuma, na Komesha akasahau salamu aliyoiandaa njia nzima. Chini kulikuwa na honi na vumbi, huku juu kulikuwa na kijani kitupu. Mchicha ulijaa kwenye hodhi kuukuu la kuogea. Nyanya zilining'inia kutoka kwenye ndoo chakavu, nyekundu, zimejaa. Maboga yalitambaa hadi mlangoni mwa chumba cha mashine ya lifti, na nyuki walikuwa wakishughulika bila kumjali mtu. Mkono wa Komesha ulipanda begani kutafuta bomba. Bomba alikuwa ameliacha nyumbani.

"Tulia," Fundi alimnong'oneza. "Hawa ni wafanyakazi wenzangu." Akachuma nyanya, akampa.

"Nikaoshee wapi?"

"Uoshe nini? Hapa hakuna aliyepuliza kitu. Mvua ya asubuhi imekwisha kukuoshea."

Kipendacho roho hula nyama mbichi, sembuse nyanya. Komesha aliing'ata, maji yakamtiririka hadi kwenye kiwiko, akafumba macho. Alikuwa amekula nyanya maisha yake yote, na sasa akaona huenda hakuwahi kuionja hata moja.

Kisha Fundi alifunua sanduku moja kati ya masanduku manne ya mbao yaliyopangwa kivulini. "Weka sikio."

"Nini? Humo?"

"Weka, mpenzi."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo, basi aliliweka. Mwanzoni hakusikia kitu. Halafu akasikia mchakacho mwembamba, wa maelfu, kama mvua inayonyesha mtaa wa pili.

"Wanafanya nini?"

"Wanakula. Yale majani uliyoyaonea huruma sokoni. Yatakuwa udongo, udongo utakuwa nyanya, na nyanya dakika hii inakuwa wewe."

Komesha aliendelea kulisikiliza sanduku. Alijiona mdogo, na kwa namna ya ajabu alifurahi kuwa mdogo. Fundi akamweleza kwamba mama yake ndiye aliyemchotea konzi moja ya minyoo hao kutoka nyuma ya jiko lake, miaka sita iliyopita, mwanawe alipokuja mjini kutafuta kazi. Wote waliokuwamo ni kizazi cha konzi ile.

Miezi ikapita. Kikohozi alichokizoea Komesha kikapungua, ngozi ikang'aa, na kila jioni alirudi nyumbani na fungu la mchicha. Shangazi yake, aliyekuwa akiishi naye, aliula huku akimsema mkulima.

"Mwanaume afuge kuku, afuge mbuzi, nitaelewa. Huyu minyoo! Mahari ataileta kwa kopo?"

"Shangazi, ongeza mchicha, uache maneno."

Basi Fundi akaenda kumtazama mama yake aliyekuwa mgonjwa. Alimwachia Komesha ufunguo wa paa. "Maji asubuhi na jioni, mpenzi wangu. Basi."

Siku ya tatu Komesha alifunua sanduku la kwanza. Funza! Wanene, wa rangi ya majivu, wamejazana kwenye maganda, wanasukumana, wanajipindapinda. Alifunua la pili, akawakuta. La tatu na la nne, vilevile. Kwa miaka kumi na miwili ya kazi yake, kitu chochote kilichojipindapinda hivyo kwenye unyevu kilikuwa ni adui. Na adui huyu alikuwa amevamia nyumba ya mpenzi wake mwenyewe akiwa safarini! Komesha alishuka mbio, akarudi na bomba. Alichanganya dawa hafifu, ile ya chumba cha mtoto mchanga, akapuliza masanduku yote. Na kwa kuwa hakuzoea kuacha kazi nusu, akapuliza na kingo za bustani. Kisha akanawa mikono, akapiga simu akiwa na furaha.

"Fundi wangu, muuguze mama kwa amani. Funza walivamia masanduku, nimewakomesha."

"Umefanya nini?"

"Nimepuliza. Kidogo tu. Kwa mapenzi."

"Komesha," sauti ilikuja taratibu, "hao funza niliwaweka mimi. Wanawasaidia minyoo kula maganda magumu."

Simu ikakatika.

Fundi alirudi kesho yake mchana, na mfuko wa safari begani. Hakumsalimu. Alipiga magoti, akaweka sikio kwenye sanduku la kwanza, akahamia la pili, la tatu, la nne. Alikaa hapo muda mrefu. Hakukuwa na mvua yoyote humo ndani.

"Nisamehe," alisema Komesha. "Niliogopa kwa ajili yako."

"Najua."

"Basi nigombeze! Nipigie kelele!"

"Sina kelele." Fundi alisimama, macho mekundu. "Nakuogopa, Komesha. Wewe ukiogopa, unaua. Kesho utaogopa nini?"

Neno lile lilimchoma, naye akarusha la kwake bila kulipima. "Mikono hii inayoua ndiyo iliyomsomesha mdogo wangu! Kama mimi si kitu mbele ya funza, baki nao. Ah, kumbe hawapo!"

Alijuta kabla hajamaliza kusema. Lakini neno likitoka halirudi, na kiburi nacho kikamshika mkono. Alishuka ghorofa kumi kwa ngazi, maana hakutaka kupanda kitu kilichotengenezwa na mikono ya yule mtu.

Siku nne simu ikanyamaza. Chipsi zilikuwa na ladha ya karatasi. Kilichomuumiza zaidi ni kwamba Fundi alikuwa amesema kweli, na kweli hiyo ndiyo iliyosimama kati yao. Angeweza kumwomba radhi mara mia, bado angebaki kuwa mtu ambaye hofu yake hutangulia na sumu.

"Maji yakimwagika hayazoleki, mwanangu," alisema shangazi akimpangusa machozi.

"Ule ni udongo, shangazi. Udongo huzoleka."

Komesha alijisikia akisema hivyo, akaketi wima. Ile dawa, ni nani mjini aliyeijua kumshinda yeye? Jua huimaliza, mradi udongo utandazwe mwembamba na kugeuzwa kila siku. Na ufunguo wa paa alikuwa bado nao.

Kuanzia kesho yake, kila kulipokucha kabla ya kazi, alipanda paani. Alitandika turubai, akamwaga udongo wa sanduku la kwanza na la pili na la tatu, akausambaza, akaugeuza kwa koleo. Mboga zote alizozipuliza alizing'oa, akazifunga kwenye mfuko na kuandika juu yake kwa wino mwekundu: zisiliwe. Sanduku la nne, lililokuwa zito kupita yote, aliliacha la mwisho. Fundi alikuwa ndani ya chumba cha mashine, hatua kumi kutoka hapo. Alisikia koleo na hakutoka. Lakini hakumwomba arudishe ufunguo. Siku ya tisa Komesha alikuta kofia pana ya ukili imevikwa kwenye mpini wa koleo. Hapakuwa na ujumbe wowote. Aliivaa, akaendelea kugeuza.

Siku ya ishirini na mbili alifika chini kabisa ya sanduku la nne, mahali ambapo dawa haikufika kwa sababu ya maboksi mazito yaliyolowana, ambayo Fundi aliwatandikia minyoo. Alibandua boksi la mwisho. Chini yake palikuwa na vidude vya manjano, vidogo kama punje za mtama. Kimoja kilikuwa kinatikisika.

Mwili wake wote ulijua jambo moja tu la kufanya. Mkono ulianza kupanda begani. Komesha aliurudisha, akaulaza juu ya goti na kuushikilia kwa mkono wa pili. Kisha akampigia simu mtu aliyekuwa nyuma ya ukuta.

"Fundi."

"Nakusikia."

"Kuna vitu chini ya sanduku. Vya manjano. Sivijui. Kimoja kinatikisika."

"Umefanya nini?"

"Nimekaa. Naogopa, naogopa sana, lakini nimekaa tu nakitazama."

Mlango wa chumba cha mashine ukafunguka. Fundi alikuja na grisi hadi kwenye viwiko, akapiga magoti kando yake, akatazama. Akajiziba mdomo kwa kiganja.

"Mayai," alisema.

"Ya nani?"

"Ya minyoo. Ya konzi ya mama."

Ile punje ikapasuka. Kikatoka kinyoo chembamba kama uzi, cheupe, kikaonekana hadi ndani. Katikati yake kulipita mstari mwekundu, mwembamba kuliko unywele.

"Hiyo ni damu?" aliuliza Komesha.

"Damu."

"Ana damu!" Machozi yalimdondoka wala hakuyafuta. "Miaka kumi na miwili nawaua. Sikuwahi kumwona hata mmoja akizaliwa."

Walikaa hivyo, vichwa vimegusana, hawathubutu hata kupumua kwa nguvu. Kote mjini magari yalipiga honi, na lifti ikapanda na kushuka bila fundi wake.

"Nilikuumiza niliposema nakuogopa," alisema Fundi.

"Hukukosea. Hata mimi nilijiogopa." Akavuta pua. "Kesho nina ghala la kupuliza."

"Nenda. Mende sijasema nafuga."

Komesha akacheka huku analia, akamgeukia. "Nioe."

"Sasa hivi? Una matope mpaka puani!"

"Basi nikaoge kwanza?"

"Nitakuoa hivyohivyo," alisema Fundi, akamshika mkono uliokuwa bado umelala gotini. "Ila usiondoke kwanza. Wa pili huyo anatoka."