Maoni Yaliyofichwa na Simu

Nyumbani kwa mzee Tahiru, mjini Koboko, utafiti wa bintiye Sharifah kuhusu soko la mji ulikuwa kazi ya watu wote. Sharifah alisoma chuo kikuu Arua. Aliandika kwenye simu, kwa sababu kompyuta hakuwa nayo. Kila mwisho wa wiki alirudi nyumbani na kumpa kaka yake, Muzamili, faili la pale alipofikia. Muzamili alikuwa na kompyuta ndogo ya zamani, yenye programu ya bure ya kuandikia. Alipanga majedwali na kusahihisha maneno. Mzee mwenyewe, dereva mstaafu wa jeshi, aliketi na chai yake ya tangawizi akasomewa.

"Hapo kwa bei ya muhogo, badilisha," mzee alisema. "Ile bei iko ya zamani."

Muzamili akabadilisha. Upande wa pili wa meza, Sharifah naye alikuwa akibadilisha sura hiyohiyo kwenye simu. Hakuna aliyeona ubaya. Mtoto wa nyumba anaandika utafiti, nani atakaa pembeni? Basi mafaili yakazaana. Moja liliitwa "Mwisho". La pili "Mwisho kabisa". Jingine, Mungu atusaidie, liliitwa "Mwisho ya baba".

Walikuwa bado mezani ujumbe ulipoingia.

"Sharifah, nimekuandikia maoni mara mbili. Hukujibu hata moja. Umeniletea kazi ileile, na majedwali yamevurugika. Njoo ofisini Jumatatu asubuhi. Duku."

Dokta Duku ndiye aliyesimamia utafiti wake. Bila saini yake wiki iliyofuata, Sharifah asingehitimu mwaka huo. Na mzee Tahiru alikwisha kuwaalika ndugu wote kwenye mahafali, hata wale wa mbali kule Inde.

Sharifah aliusoma tena ujumbe. Maoni gani? Mara zote mbili alifungua faili alilorudishiwa na mwalimu kwenye simu, akakuta maneno yake mwenyewe tu. Alifurahi kabisa. Alidhani hana kosa! Akarekebisha kidogo, akampa Muzamili, kisha akamrudishia mwalimu. Sasa mwalimu alimwona mtu wa dharau.

"Mbona hunywi chai?" baba yake aliuliza.

"Nimeshiba, baba." Uongo. Aliogopa hata kumtazama usoni.

Jumapili aliwahi gari la Arua. Alijiona amesimama ofisini bila neno la kusema. Akajiona anarudi Koboko, na baba yake anapiga simu moja baada ya nyingine kuwaambia watu wasije.

Alikopanga, mtaa wa Awindiri, jirani yake alikuwa Agnes Keji, mfanyakazi wa maktaba ya chuo. Agnes alimkuta mlangoni, macho mekundu.

"Sharifah! Nani iko mgonjwa?"

"Hapana mgonjwa, dada Keji. Ni mimi nimekwisha." Akampa simu asome ule ujumbe.

Agnes alisoma, akavuta kiti. "Faili ya mwalimu, ulifungua na nini?"

"Na simu."

"Kisha?"

"Nikasevu. Nikapeleka kwa kaka."

"Haya. Ile barua pepe ya mwalimu, umefuta?"

Sharifah alisita. "Sijui. Nadhani hapana."

Agnes aliwasha kompyuta yake. Waliitafuta barua pepe. Sharifah aliziba mdomo kwa mkono mpaka ilipoonekana. Agnes alilifungua faili kwa programu ileile anayotumia mwalimu. Mara, pembeni mwa kila ukurasa, visanduku vyekundu vikajaa.

"Mungu wangu," Sharifah alinong'ona. "Hii yote iko ya kwangu?"

"Yako. Mwalimu anaandika maoni pembeni. Programu ingine ya simu inaficha hiyo pembeni. Ukisevu huko, saa ingine inafuta kabisa. Na jedwali zako ziliharibika kwa kuhama programu hii kwenda ile."

"Basi nimekwisha kweli."

"Bado. Hii ya barua pepe iko nzima. Sikia mimi. Faili ya mwalimu huigusi. Unaweka kopi yake pembeni, vile ilikuja. Kisha unafanya kazi kwa faili moja tu, faili mama. Ndani ya programu ya mwalimu. Jina lake ni utafiti na tarehe ya leo. Kesho ukibadilisha, unasevu ingine na tarehe ya kesho. Hapana 'mwisho', hapana 'mwisho kabisa'. Tarehe haidanganyi mutu."

"Na kaka? Na baba?"

"Wasome kwa karatasi. Waandike na kalamu. Lakini anayeingiza ndani ya faili ni wewe peke yako. Na kila ukimaliza, jitumie kopi kwa barua pepe. Simu ikipotea, kazi inabaki."

Sharifah alimpigia Muzamili. "Kaka, tafadhali, usiguse tena ile faili."

"Sasa mimi nimekosa nini?"

"Hujakosa peke yako. Tulikuwa tunapika chungu moja jiko mbili."

Muzamili akacheka, na Sharifah akapumua.

Siku iliyobaki yote walikaa mezani kwa Agnes. Walichora jedwali. Upande mmoja Sharifah aliandika maoni ya mwalimu, upande wa pili alichofanya, na ukurasa. Asipokubaliana, alieleza kwa adabu kwa nini. Bei za muhogo alizitoa kwenye faili la Muzamili, akazihakiki moja moja. Kazi ilimalizika, lakini hofu haikumtoka. Jedwali halimzuii mwalimu kusema hapana.

Jumatatu, alibisha mlango wa Dokta Duku. Aliingia. Alieleza habari ya simu bila kujitetea, akaomba radhi, akaweka kazi na karatasi za jedwali mezani.

Mwalimu alisoma bila kuinua uso. Aligeuza ukurasa. Akageuza mwingine. Kalamu yake ilikuwa bado na kifuniko.

"Hapa hukujibu," alisema ghafla.

Sharifah aliinama. Lilikuwa oni la mwisho. Upande wa jibu ulikuwa mtupu. Mwalimu alikuwa ameandika: "Sura hii imeandikwa na mtu anayelijua soko la Koboko. Nimefurahi sana kuisoma."

"Nilikosa cha kujibu, mwalimu."

"Wiki nyingi nilingoja useme kitu kwa neno hili. Nikadhani mtoto huyu ana kiburi." Alifungua kalamu. "Jibu lake ni asante."

"Asante, mwalimu," alisema, na machozi yakamtoka.

Dokta Duku akatia saini.

Siku hizi kompyuta ya Muzamili ina programu anayotumia mwalimu, na kila mwanafunzi wa mtaa anayekuja kuomba msaada huulizwa kwanza: "Faili mama iko wapi?" Mzee Tahiru husoma kwenye karatasi na kuandika pembeni kwa kalamu yake ya bluu. Kwenye karatasi ya lile jedwali la binti yake aliandika mara moja tu, karibu na lile neno la mwalimu. Aliandika: "Mimi pia."