Gia ya Kupandia, Gia ya Kushukia

Siku hizi mtaani kwetu, hapa Wai, mji mdogo wa India chini ya mlima, kila nyumba ina gari, na nyingine zina mawili. Hakuna hata anayegeuka kutazama. Mwaka wa tisini na nne haikuwa hivyo. Gari likiingia uchochoroni, watu walitoka na vikombe vya chai mkononi. Naukumbuka mwaka ule, na moyo wangu unalainika.

Sisi tulikuwa na skuta. Baba mbele, Mama nyuma amekaa upande, na mimi katikati nimebanwa. Nilikuwa na miaka kumi na tano na niliona aibu kubwa. Baba, Mwalimu Phadnis wa hesabu, hakuona aibu yoyote. Angeendesha skuta ile mpaka leo, kama si dada yangu Sulabha.

Sulabha aliolewa juu mlimani, Panchgani, kwa wakulima wa stroberi. Mwaka ule akapata mimba yake ya kwanza. Kwetu, mimba ya kwanza mwanamke huja kujifungulia kwa mama yake. Anachukuliwa mwezi wa saba wa mimba. Ukiingia wa nane, hasafiri tena. Mama alikuwa ameshaanza kushona blanketi la mtoto kwa sari zake kuukuu. Ndipo mama mkwe wa Sulabha akatuletea ujumbe.

"Mkwe wangu simpandishi basi, watu wamesimama mpaka mlangoni. Mkija na gari, mchukueni. Bila gari, atajifungulia huku huku."

Siku ile Mama hakula. "Mwanangu azae kwa watu, na mimi mzima?" alisema.

Baba alimtazama, akaweka chaki zake mezani. "Basi tununue gari," alisema.

Jirani yetu Mzee Jagtap alikuwa dereva mstaafu wa mabasi. Aliupanda na kuushuka mlima ule miaka thelathini. Baba alimwomba twende naye mji wa Satara, kwa daktari wa meno aliyekuwa akiuza kigari chake kidogo. Kilikuwa chekundu, na mlango wa nyuma uliinuka juu kama kifuniko. Mimi nilikipenda palepale. Mzee Jagtap wala hakutazama rangi. Aliweka kiganja juu ya boneti.

"Vipi, unakipima homa?" Baba alimtania.

"Ndiyo, Mwalimu. Muuzaji akiwasha injini kabla hujafika, huenda anaficha ugonjwa wake. Injini baridi haidanganyi. Hii ni baridi. Haya, daktari, washa!"

Kikawaka mara moja. Mzee Jagtap alichomoa kijiti cha oili, akakikagua. Alipapasa matairi. Kisha akaomba kadi ya gari, akalinganisha namba yake na namba iliyogongwa kwenye injini.

"Jina la kwenye kadi libadilishwe leo," alisema. "Gari lako na kadi ya mwenzio, hiyo ni kesi inayosubiri siku yake."

Tulipofika nyumbani Mama alikivisha kigari shada la maua. Akaweka ndimu chini ya kila gurudumu, akapasua nazi, ndivyo kwetu gari jipya linavyobarikiwa. Majirani wakaja. Wote waliuliza swali moja, lile lile la watu wetu: "Kwa lita kinakwenda kilomita ngapi?"

"Kumi na nane," Baba alijibu kwa maringo.

"Kumi na nane tu?" akacheka Bwana Kelkar, fundi saa. "Cha shemeji yangu ishirini na mbili! Anazima injini kwenye mteremko."

Hakuna aliyeuliza habari za breki. Na maneno ya Kelkar yalimkaa Baba rohoni.

Jumapili tulipanda Panchgani kupanga siku ya kumchukua Sulabha. Tukapanga Jumapili iliyofuata, kabla mwezi wa nane haujaingia. Wakati wa kurudi, mteremko ulipoanza, Baba akatoa gia na kuzima injini.

Kukawa kimya. Tulisikia hata ndege. "Kilomita kumi na mbili bila tone la petroli!" Baba alisema. "Kelkar atanitambua."

"Baba Sulabha, mbona mwendo unazidi?" Mama aliuliza.

"Tulia, mama. Nina breki."

Akakanyaga breki mara ya kwanza, tukapunguza mwendo. Mara ya pili, tukapunguza kidogo. Kwenye kona kubwa basi likatokea mbele yetu, linapanda. Baba akakanyaga tena. Breki ilikuwa ngumu kama jiwe.

"Haikanyagiki!" alipiga kelele.

Aliikandamiza kwa miguu yote miwili. Kigari kikajisugua ubavu kwenye ukuta wa mawe kando ya barabara, kikasimama. Ng'ambo ya ukuta ule hapakuwa na kitu, ni hewa tu, na mji wetu chini kabisa. Nilikojoa kwa hofu. Nasema kweli, sioni aibu tena.

Mama alishuka. "Sulabha hapandi gari hili," alisema. "Heri azae kwa watu, lakini awe hai."

Baba akawasha injini, tukajikokota mpaka nyumbani.

Jioni ile Mzee Jagtap alikuja mwenyewe. Alitazama mikwaruzo, akanusa gurudumu.

"Mwalimu, ulizima injini?"

"Mzee, watu wote huzima..."

"Sikukuuliza watu wote. Ulizima?"

"Nilizima," Baba alisema polepole.

"Loo! Nami nikakagua kila kitu, nisikukague wewe!" Mzee alikaa kizingitini. "Sikiliza. Mguu wako peke yake hauna nguvu ya kusimamisha gari. Kuna kifaa kinachousaidia, nacho hutegemea injini. Ukizima, unabakiwa na msaada wa kukanyaga mara moja au mbili. Baada ya hapo ni mguu wako na mlima."

"Na nikiacha injini inaunguruma, lakini nikatoa gia?"

"Bado ni kosa. Breki zinafanya kazi yote peke yake, zinapata moto, zinashindwa. Gia ikiwemo, injini yenyewe inalishika gari. Kanuni yetu madereva ni hii: gia uliyopandia, shuka nayo. Ulipandia gia gani?"

"Ya pili."

"Basi shuka na ya pili."

"Lakini petroli, Mzee..."

Mama alitokeza mlangoni. "Petroli!" alisema. "Ninywe mimi hiyo petroli? Unamwokoa mtoto au unashindana na Kelkar?"

Mzee Jagtap alicheka mpaka akakohoa. Baba hakucheka. Aliinamisha kichwa, akasema, "Nifundishe."

Kesho yake fundi alikagua breki, akabadilisha mafuta yake na vipande vilivyoungua. Kisha kila asubuhi kabla ya shule, Baba na Mzee walipanda mlima na kuushuka, kwa gia ya pili. Malori yaliwapigia honi nyuma. Siku ya tano Mama alipanda nao bila kusema kitu. Aliporudi alisema tu, "Haya, kamchukueni."

Watu hudhani siku yetu ya furaha ilikuwa ile aliyozaliwa Ketaki, mtoto wa Sulabha. Alizaliwa salama, hapa hapa Wai, na Mama akamfunika blanketi lake. Kwangu mimi, siku yenyewe ni ile Jumapili tuliyomchukua.

Sulabha alikaa mbele, na mimi nyuma. Mteremko ulipoanza, Baba aliingiza gia ya pili. Injini ilinguruma, gari likashuka taratibu kama mtu anayetembea. Lori moja likatupita, dereva akatoa kichwa: "Mzee, unasukuma au unaendesha?" Baba hakugeuka.

Tulipofika, wanawake walikuwa mlangoni. Mama alishika mkate na maji ya kumzungushia mwanawe kichwani, kumwondolea jicho baya. Baba akainua kidole: kimya. Sulabha alikuwa amelala, mdomo wazi. Hakuna aliyemwamsha. Tulisimama juani nusu saa nzima, majirani wote, tukimtazama akilala.

Mwishowe akafumbua macho.

"Baba," aliuliza, "mlima tumeushuka saa ngapi?"

Baba akalia mbele ya mtaa mzima, mikono yake bado iko kwenye usukani.